Ukungu wa Mlimani, Ukungu wa Ukutani: Unyevu wa Chumba cha Chini ya Ardhi Wakati wa Baridi

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa bado nyumbani Lubondja, masomo hayajaanza tena, yaya wangu aliponipigia simu kutoka Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani. Kwetu ilikuwa saa tatu ya usiku na mvua ilipiga mabati hata nikajifunika blanketi kichwani ili nimsikie. Kwake ilikuwa saa saba ya mchana na theluji imefunika magari. Alikuwa ametoka kliniki na mwanawe wa miaka minne, ambaye alikuwa akikohoa tangu mwezi wa kumi na moja.

Muuguzi alikuwa na orodha ya maswali, na mkalimani wa Kiswahili alikuwa upande wa pili wa simu. Kuna mtu anayevuta sigara ndani? Hapana. Kuna paka au mbwa? Hapana. Nyumbani kuna ukungu? Hapana. Wakaendelea na mengine, akapewa dawa ya kifua, akarudi. Alipofika alisogeza kitanda cha mtoto ili afagie, akaona ukuta wa nyuma umejaa madoa meusi toka sakafuni hadi usawa wa magoti. Begi lililokuwa limeegemea pale lilikuwa limeota manyoya ya kijivu. Ndani yake mna vikwembe alivyopewa na mama, picha za harusi, na vyeti vyake vya shule. Hapo ndipo akanipigia.

“Mdogo wangu, wewe unayesoma lugha, ule ukungu alioniuliza mkalimani ulikuwa ukungu gani?”

Kwa mtu aliyelelewa na wazee wa Lubondja, ukungu ni ule unaoteremka asubuhi kutoka milimani upande wa Itombwe, ukaficha mashamba mpaka jua lipande. Hauingii nyumbani, na ukiingia unatoka wenyewe. Muhogo ulioharibika kwa kukosa jua, mama husema umeota manyoya; wengine husema umeingia kuvu. Ukifungua kamusi ya Kiswahili sanifu, hata hivyo, neno ukungu lina maana zote mbili: ule mvuke mweupe wa angani, na ile kuvu inayoota juu ya vitu vyenye unyevu. Mkalimani alitafsiri sawasawa. Yaya alijibu sawasawa. Na katika faili ya mtoto pakaandikwa kwamba nyumba haina tatizo.

Nilimweleza maana ya pili ya neno, kisha nikampa ushauri wa kuondoa unyevu. Ushauri wangu haukuwa sahihi. Makala haya yanaeleza kosa langu lilikuwa wapi, kwa sababu naona ni kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya, na kwa sababu jamaa zetu wengi sasa wanaishi katika vyumba vya namna hiyo.

Kwanza, walifikaje huko. Wazazi wangu walivuka Tanganyika mwaka 1996, yaya akiwa mgongoni, wakaingia kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kama walivyofanya watu wengi wa Fizi. Meli za UNHCR zilipoanza kurudisha watu Baraka kutoka Kigoma mwaka 2005, wazazi walijiandikisha baadaye, lakini yaya alibaki na mama mkubwa ili amalize shule. Shule za Wakongo pale kambini zilifuata programu ya Kongo, kwa hiyo vyeti vyake ni vya programu yetu ingawa alivipata Tanzania. Akaolewa hukohuko. Kuanzia 2012 UNHCR iliendesha mpango mkubwa wa kuwatafutia makao katika nchi nyingine wakimbizi wa Kongo walioko Maziwa Makuu, na wengi walipokewa Marekani. Ndivyo mtu wa Lubondja anavyojikuta amepanga basementi Iowa.

Basementi, kama wanavyoita wenyewe kwa Kiswahili chao cha huko, ni ghorofa nzima iliyozama ardhini, ikiwa na vidirisha juu karibu na dari. Huko baridi hugandisha maji yaliyomo udongoni, na maji yakiganda huvimba na kuinua kitu chochote kilicho juu yake. Msingi wa nyumba lazima ushuke chini ya pale baridi inapofika, ambapo katika Iowa ni zaidi ya mita moja. Ukishachimba kiasi hicho, ni gharama kidogo tu kuendelea kuchimba ukapata chumba kizima. Humo huwekwa tanuri la kupasha nyumba joto na mashine ya kufulia, na mara nyingi hupangishwa kwa bei nafuu. Kuta zake ni za zege, na nyuma ya zege ni udongo au, kwa sehemu ya juu, hewa ya baridi kali.

Sasa tuangalie hewa yenyewe. Hewa hubeba maji yasiyoonekana, nayo ina kikomo cha kubeba, na kikomo hicho hutegemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 za Selsiasi inaweza kubeba kama gramu 23 za maji. Kwenye nyuzi 20 inabeba gramu 17 hivi. Kwenye nyuzi 10 inabeba gramu 9, kwenye sifuri karibu 5, na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri zaidi kidogo ya 2 tu. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia 50, tunasema hewa hiyo imebeba nusu ya kikomo chake kwa joto lile lililopo. Vitabu vya jiografia vya Tanzania huuita unyevuanga, neno zuri, ingawa sijasikia mtu akilitumia sokoni.

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea: asilimia 50 ya hewa ya moto na asilimia 50 ya hewa ya baridi si maji sawa. Mtu akisikia kwamba nje Des Moines unyevu ni asilimia 80, hudhani nje kuna maji mengi. Lakini ikiwa ni nyuzi 10 chini ya sifuri, hiyo asilimia 80 haifiki hata gramu 2. Ingiza hewa hiyo ndani, ipashe joto mpaka nyuzi 20, na unyevu wake utakuwa kama asilimia 11. Ni hewa kavu kuliko ya kiangazi chetu cha mwezi wa saba. Ndiyo maana watu wa huko wakati wa baridi hupasuka midomo, na wengine hununua mashine ya kuongeza unyevu ghorofa ya juu huku chini ukuta unatoa jasho.

Basi kama hewa ya nje ni kavu hivyo, ukuta unatoa jasho kwa nini? Chukua soda kutoka frigo ya duka lolote Baraka, uiweke mezani. Baada ya dakika mbili chupa imelowa nje. Hakuna anayedhani soda imevuja. Hewa iliyogusa chupa imepoa, kikomo chake cha kubeba kimeshuka, na maji yaliyozidi yamebaki juu ya kioo. Umande wa asubuhi kwenye majani ni jambo lilelile. Kila hewa ina joto lake la umande, yaani joto ambalo ikipozwa hadi hapo huanza kuacha matone. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Ikiwa unyevu ni asilimia 60, nyuzi 12 zinatosha. Ikiwa ni asilimia 30, kitu lazima kipoe mpaka karibu nyuzi 2.

Ukuta wa basementi ndio chupa ya soda. Katikati ya chumba mnaweza kuwa na nyuzi 20, watu wamevaa fulana, lakini zege la pembeni, nyuma ya kitanda ambako hewa ya joto haifiki, lina nyuzi 10 au chini yake. Na kuvu haingoji hata matone. Ikiwa unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta unabaki kwenye asilimia 80 au zaidi kwa muda mrefu, kuvu inaota, mradi ipate cha kula: rangi, vumbi, karatasi, mbao, pamba. Fanya hesabu ndogo. Hewa ya chumba ina nyuzi 20 na asilimia 50, yaani gramu 8 na nusu hivi. Ukutani pana nyuzi 12, ambapo kikomo ni gramu 10 na nusu hivi. Tayari ni asilimia 80. Kipima unyevu kilichowekwa mezani kinasema hali ni shwari, na wakati huohuo begi la vikwembe nyuma ya kitanda linaishi katika hali ya hewa nyingine kabisa, hatua mbili kutoka pale.

Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, linashauri unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Kwa majira ya baridi na ukuta wa zege usiofunikwa, mimi ningekaa karibu na 30 kuliko 50, kwa sababu ya hesabu hiyo ya hapo juu.

Maji hayo yanatoka wapi kama nje ni kukavu? Mwenye nyumba alikuwa na jibu lake: mnapika sana. Yaya aliudhika, na nilipomsikia niliudhika naye. Lakini nilipokaa na kuhesabu niliona kwamba ndani ya ile dharau kulikuwa na ukweli fulani. Mtu mmoja, kwa kupumua na kwa ngozi yake, hutoa lita moja au zaidi ya maji kwa siku. Wao ni watano. Maharage yanachemka saa tatu bila mfuniko. Maji ya bugali yanachemka, sombe inachemka. Nguo za watoto watatu zinaanikwa ndani, kwa kuwa nje zinaganda. Kila mzigo wa nguo zilizokamuliwa kwa mashine bado una karibu lita 2 za maji, na yote yanaingia hewani. Kuoga kwa maji ya moto. Familia ya watu wanne, kwa makadirio ya kawaida, hutoa kama lita 10 kwa siku. Ndoo nzima ya maji inamwagwa hewani kila siku, na hakuna anayeiona ikimwagwa.

Ila mwenye nyumba naye alisahau sehemu yake. Feni ya kutoa mvuke bafuni ilikuwa imekufa tangu walipoingia. Ile ya jikoni haitoi kitu nje, inazungusha mvuke na kuurudisha usoni kwa mpishi. Ukuta haukuwa na kitu chochote cha kuzuia baridi. Familia hiyohiyo, ikipika maharage hayohayo ghorofa ya juu yenye kuta zilizofunikwa vizuri, isingeliona doa hata moja. Wao walileta maji, nyumba ikaleta baridi, na kuvu huhitaji vyote viwili. Sioni kwa nini mpangaji peke yake abebe lawama.

Yaya alikuwa amekwisha kununua mashine ya kuondoa unyevu tangu mwezi wa kumi na mbili, iliyotumika, kwa dola 40, kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama. Aliiweka chumba cha nyuma, kile kisichopashwa joto, ambako ndiko alikosikia harufu. Usiku kucha ikanguruma. Asubuhi ndoo ya mashine ilikuwa tupu na ndani mna barafu. Akadhani ameuziwa mbovu. Mimi, kwa ujuzi wangu wa Lubondja, nikamwambia afunge madirisha yote vizuri, aiwashe usiku na mchana, asubiri.

Mashine ile ni frigo isiyo na mlango. Ndani yake mna mabomba mawili yaliyokunjwakunjwa, moja la baridi na moja la moto, na kompresa inayosukuma gesi kati yao. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwanza kwenye bomba la baridi. Hewa inapoa chini ya joto lake la umande, maji yanadondoka kwenye ndoo, yaani chupa ya soda tena, safari hii kwa makusudi. Kisha hewa hiyo inapita kwenye bomba la moto na kurudi chumbani ikiwa kavu na ya joto kidogo. Joto hilo halitoki katika umeme peke yake. Kila lita ya maji inayogeuka kutoka mvuke hurudisha joto lililotumika kuivukiza, karibu saa-kilowati 0.7. Kwa hiyo mashine inapofanya kazi vizuri hupasha chumba pia.

Lakini ili hewa ya chumba chenye nyuzi 12 iachie maji, bomba la baridi lazima lishuke karibu na sifuri au chini yake. Maji hayadondoki tena. Yanaganda palepale juu ya bomba. Barafu huziba njia ya hewa, na mashine inabaki kunguruma na kula umeme bure. Zilizo bora zina kifaa cha kuhisi barafu, husimama ziyeyushe, kisha huanza tena, lakini sehemu ya muda wao hupita katika kuyeyusha. Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi husema zisitumike chumba kikiwa chini ya nyuzi 18. Nyingine hujidai kufika nyuzi 5. Nilimwomba yaya anipigie picha kitabu chake. Kiliandika 65, kwa kipimo cha Farenhaiti, ambayo ndiyo nyuzi 18. Jibu lilikuwa ndani ya kabati lake la jikoni muda wote, kwa Kiingereza.

Marekani walilijua jambo hili hata wakabadilisha namna ya kupima mashine hizo. Zamani uwezo wake ulipimwa katika chumba chenye Farenhaiti 80, karibu nyuzi 27 zetu, joto ambalo basementi hailijui. Tangu katikati ya 2019 hupimwa kwenye 65. Mashine iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la painti 70 kwa siku, lita 33 hivi, ikawa inaitwa ya painti 50, kama lita 24. Chuma ni kilekile, unyevu wa chumba cha majaribio ni uleule wa asilimia 60. Kilichopungua ni nyuzi 8 za joto tu, na karibu lita 9 zimetoweka. Anayenunua iliyotumika aangalie mwaka.

Iko aina ya pili isiyo na bomba la baridi. Ndani yake huzunguka gurudumu lenye madini yanayonyonya maji, ya jamii moja na zile chembe za kwenye vifuko vidogo tunavyokuta katika masanduku ya viatu. Upande mmoja wa gurudumu hunyonya unyevu wa chumba. Upande mwingine hupashwa moto ili utoe maji yale. Hii hufanya kazi hata chumba kikikaribia sifuri. Inakula umeme mwingi zaidi kwa kila lita, lakini umeme huo unabaki chumbani kama joto, na wakati wa baridi hiyo si hasara yote. Kwa chumba kama kile cha nyuma, hiyo ndiyo aina ya kutafuta. Yaya hakuinunua, kwa sababu tulipofika hapo tatizo lilikuwa limeshapungua kwa njia rahisi zaidi.

Njia yenyewe ilikuwa kinyume cha niliyomwambia. Kwetu, toka mwezi wa kumi hadi wa tano, ukifungua dirisha mvua ikinyesha unaingiza unyevu. Mama anatufunza tangu utotoni kufunga. Nami nikampelekea yaya mafunzo ya mama, ng’ambo ya bahari, kwenye nchi ambako hewa ya nje mwezi wa kwanza ina gramu 2 tu za maji. Kule kila mara unapofungua dirisha unafukuza gramu 8 au 10 na kukaribisha 2. Dakika 5 hadi 10 za vidirisha viwili vinavyotazamana kufunguliwa, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kupika na kuoga, zinatosha. Kuta hazipati muda wa kupoa, na hewa mpya inapata joto upesi. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Kulipia joto halafu kufungua dirisha kunaumiza moyo.

Pamoja na hayo aliweka mfuniko kwenye sufuria, akasogeza vitanda kama upana wa kiganja kutoka ukutani, akaacha mlango wa chumba cha nyuma wazi ili kipate joto la sebuleni. Mashine akaihamishia bafuni, ambako kuna joto, na nguo zote zinaanikwa humo mlango ukiwa umefungwa. Usiku wa kwanza ndoo ilijaa nusu. Mwenye nyumba, baada ya barua iliyoandikwa kwa adabu na yenye picha, alibadilisha feni ya bafu. Kwa madoa, EPA husema eneo lisilozidi kama mita moja ya mraba mtu anaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, kisha alikaushe kabisa. Dawa ya klorini si lazima. Rangi ikipakwa juu ya kuvu hai itabambuka baadaye.

Mwezi wa saba kila kitu kitageuka tena. Iowa ni nchi ya mahindi, na mahindi yakiwa yamesimama hutoa maji mengi hewani; wakati huo hewa ya nje ni ya moto na nzito kama ya Baraka, na zege bado lina ubaridi wa ardhini. Atakayefungua vidirisha “apate hewa” atakuwa anamwaga maji ukutani. Hapo ndipo afunge kama alivyofundisha mama, na mashine yenye kompresa ndiyo majira yake hasa.

Wahadhiri wetu watauliza haya yana nini na kitivo cha lugha. Kwanza yana ile stoo ya kazi zetu za mwisho wa masomo. Kwetu hakuna ukuta wa baridi. Hewa yenyewe ya masika ndiyo iliyoshiba. Lakini maboksi yaliyowekwa sakafuni na kubanwa ukutani yanaoza kwa kanuni ileile iliyooza begi la yaya: mahali hewa isipopita, unyevu unakaa. Mbao chini, kiganja kimoja kutoka ukutani, na dirisha lifunguliwe wakati jua limewaka kweli, si saa kumi na mbili asubuhi umande ukiwa bado. Anayetaka kuokoa kitabu kilichoota kuvu akikaushe kwanza, kisha akipanguse nje kwa brashi laini. Kukifuta kikiwa kibichi ni kuipaka kuvu ndani ya karatasi.

Pili, yana maneno. Rutuba tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni unyevu. Kamusi za zamani za Kiswahili bado hutoa maana hiyo. Leo ukimwambia mkulima wa Lubondja kwamba ardhi yake ina rutuba atafurahi, wala hatafikiria ukuta. Unyevu ule ule, ukiwa udongoni umekuwa sifa, na ukiwa nyumbani ukabaki bila jina la kutisha. Tuna umande, fukuto, koga, kuvu, uvundo, kulowa, kutota. Tuna lugha nzima ya maji yasiyo maji. Sioni haja ya kuunda neno kubwa kwa ile mashine. Kiondoaunyevu kimependekezwa na mwenzangu mmoja darasani, na hakina kosa. Nyumbani kwa yaya wanaiita frigo ya maji, na watoto wanaelewa kazi yake kuliko ningeweza kuwafundisha.

Kwa mkalimani wa afya, hata hivyo, ushauri wangu ni mfupi. Asiseme ukungu peke yake kwa mtu wa Kivu, wala asitegemee kuvu peke yake. Aseme: ukutani au kwenye nguo kuna madoa meusi au ya kijani, au manyoya, au harufu ya kitu kilichovunda? Ni swali refu, linachukua sekunde 5 zaidi. Yaya aliporudi kliniki wiki iliyofuata, hakungoja kuulizwa. Alionyesha picha ya ukuta kwenye simu, na jibu katika faili likabadilishwa.

Vyeti vilipona; kimoja kina doa pembeni. Vikwembe ndivyo vilivyobaki na harufu hata baada ya kufuliwa mara mbili. Mama, aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu yote kutoka chumba cha pili, akauliza kwa nini binti yake haviweki juani kama mtu wa kawaida. Yaya akamtumia picha ya uwanja: jua kali, anga bluu, theluji, na nyuzi 12 chini ya sifuri. Mama akasema jua ni jua. Kwa heshima yaya akavitundika barazani. Vikakakamaa kama mbao kabla hajamaliza kuvibana. Lakini hewa ile kavu hunyonya hata barafu bila kuiyeyusha, na kesho yake jioni vilikuwa vimekauka, vyepesi, na harufu imekwisha.